Jozi Tatu kwa Masikio ya Mdogo Wangu

Jozi ya kwanza ilikuwa na bei ya pikipiki. Sitii chumvi. Siku ileile nilipita kwa wauza pikipiki nikauliza, na tofauti ilikuwa ndogo tu, tena kwenye pikipiki unapewa na kofia. Hapa ulikuwa unapewa spika mbili za kuchomeka masikioni, kila moja haizidi korosho, zimelazwa ndani ya kisanduku cha ngozi na kufunikwa kitambaa.

"Usizishike kwa mikono yenye jasho," aliniambia muuza vifaa. Ni rafiki yangu wa siku nyingi, na bendi nzima tunamwita Punguzo kwa sababu hajawahi kumpa mtu.

"Nikitokwa jasho?"

"Subiri likauke. Na ukizipoteza usije mwenyewe. Tuma mtu aniambie umekufa."

Alinipa jozi tatu, nikae nazo siku tano. Ya pili ilikuwa ya bei ya kati, ya chuma cha kijivu, nzito kidogo kuliko inavyoonekana. Ya tatu ilikuwa ya plastiki nyeusi, na bei yake ukiitaja mbele ya mafundi wenzako wanakuonea huruma. Kwa mkono birika kama yule kuniachia mali bila hata kushika kitambulisho changu halikuwa jambo dogo. Alifanya hivyo kwa sababu alijua ninamtafutia nani.

Mimi ni fundi wa sauti wa bendi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mwimbaji wetu ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Mwezi uliopita alianza kugeuza shingo kila mtu anapomsemesha upande wa kushoto. Nikamtania kwamba uzee umemkuta kabla yangu. Alipokwenda kwa daktari wa masikio utani ukanikauka mdomoni. Daktari alimfungia kwenye kile chumba chao kisicho na mwangwi, akampima, akamchorea mstari kwenye karatasi, na upande wa kushoto mstari ulianguka kabla ya kufika mwisho. Akamwambia makelele ya spika za jukwaani, zile zinazomwelekea mwimbaji usoni ili ajisikie, yamekula sehemu ya sikio hilo na haitarudi. Akiendelea hivi, miaka michache ijayo hatasikia hata mlango ukigongwa. Basi ama aweke spika ndogo ndani ya masikio, ayazibe vizuri, makelele yabaki nje na yeye ajisikie kwa sauti ya chini, ama aache kuimba.

Zile spika za jukwaani ni mimi niliyekuwa nazifungulia. Kwa mkono wangu huu. Nilikaa nalo hilo siku kadhaa na nilikuwa sina raha.

Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mpiga gitaa, alituita wote wawili. Hoteli tunakopiga ilitaka mkataba wa mwaka mzima, na jina la mwimbaji liandikwe humo. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyake, kwamba anahitaji jibu Alhamisi kwenye mazoezi. Kama si mdogo wangu, itabidi atafute mwingine.

"Nikiweza kujisikia, nitasaini," mdogo wangu alisema. "Nisipoweza, nitawaambia palepale. Sitaki kuimba kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta."

Nikampigia Punguzo jioni ile.

Sasa, watu wengi wanaolinganisha vitu hivi wanajidanganya. Wanachomeka hii, wanachomoa, wanachomeka ile, halafu wanatoa hukumu. Hawajui kwamba sikio ni jinga: kinachopiga kwa nguvu kidogo zaidi ndicho linachokiona kizuri. Mimi si mtu wa hivyo. Niliketi sebuleni kwangu na kile kipimo changu cha sauti, nikakikatia kipande cha mpira wa maji, nikaunganisha kila spika na kipimo kupitia ule mpira hadi zote tatu zikapiga sawasawa. Nikachora daftari safu tatu. Nikamwambia mke wangu asiwashe feni.

"Kuna joto," alisema.

"Vumilia. Hii ni kazi ya kitaalamu."

"Ya kitaalamu ya kukaa kwenye kochi," alisema, akaenda zake jikoni.

Nilianza na jozi ya pikipiki, niwe muwazi, nikitafuta kosa. Nilitaka nimrudishie Punguzo nikamwambie watu wake ni wezi. Nikaweka rekodi niliyoirekodi mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, bendi nzima chumbani, wimbo wa polepole ambao nimeusikiliza mno, hata nikichoka unajiimba wenyewe kichwani. Niliujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu.

Sikuujua.

Kwanza nilisikia vidole. Mpiga gitaa anapohama kutoka kamba hadi kamba ngozi ya vidole vyake inakwaruza, na kidole kimoja, nadhani cha pete, kilikuwa na sugu, maana kilikwaruza tofauti na vingine. Kisha nikasikia kiti cha mpiga ngoma kikilalamika kila anapokanyaga. Mdogo wangu alikuwa amesimama kidogo kulia, si katikati kama nilivyokuwa nikidhani siku zote, na kabla ya kila ubeti alimeza mate. Nikakaa wima. Dakika ya tatu ikaanza, na nyuma ya wote, mbali, juu yao, kukaanza kitu kama mchele ukichekechwa. Nikafikiri ni kasoro ya waya. Nikarudisha, nikasikiliza tena nikiwa nimebana pumzi.

Ilikuwa mvua. Siku ile, tukiwa ndani, ilianza kunyesha juu ya bati, na mimi niliyerekodi, niliyeuchanganya wimbo, niliyeusikia mara elfu, sikuwahi kujua kwamba kulinyesha.

Nilipigwa na butwaa. Nilimwita mke wangu, nikamfuta mikono kwa taulo, nikamchomekea. Alisimama katikati ya sebule na mwiko mkononi. Uso wake ukabadilika taratibu.

"Ni mvua?"

"Ni mvua."

"Iliingiaje humo?"

Nilihisi kama nimerudishiwa siku nzima ambayo sikujua kuwa niliipoteza. Spika za ukubwa wa korosho! Nani alikaa akatengeneza kitu kama hiki, kwa mikono ya aina gani, na alikuwa na subira kiasi gani? Nilizitoa masikioni nikazitazama kwenye kiganja, na nakiri nilizishika kwa heshima.

Siku tatu nilifanya kazi ile. Jozi ya pili, ya chuma cha kijivu, ilikuwa safi na mvua ilikuwamo, ila ulipaswa kuijua kwanza ndipo uisikie. Ya tatu, ya plastiki, haikuwa na mvua kabisa. Kiti cha mpiga ngoma hakikulalamika, na kila mtu alikuwa amesimama mstari wa mbele wakibanana kama wanaopigwa picha ya pasipoti. Nikaipa ya kwanza tisini na tano, ya pili themanini, ya tatu arobaini na moja, na hiyo moja ilikuwa huruma.

Ukiniuliza thamani kwa pesa, mtu mwenye akili timamu angechukua ya pili. Bei yake ni robo ya ile ya kwanza, na kile unachokosa ni matone ya mvua. Niliandika hivyo daftarini. Kisha nikakumbuka ule mstari wa daktari unavyoanguka, nikaona haya. Masikio yale niliyaharibu mimi, halafu nije kuyabania? Nikapiga moyo konde. Niliamua kuuza mikseri yangu ya nyumbani, ile meza ya kuchanganyia sauti, na kumnunulia mdogo wangu ile ya pikipiki, na Punguzo akitaka kucheka na acheke.

Jumatano mchana mdogo wangu akaja. Alivua viatu mlangoni, akasalimiana na mke wangu.

"Wifi, huyu kaka yako hajawasha feni siku tatu," mke wangu alimshtakia.

"Mvumilie, wifi. Kwetu alikuwa hivyohivyo, alitukataza kukohoa redio ikiwaka."

Nikamketisha kwenye kochi, nikamchomekea jozi ya kwanza, nikamwekea ule wimbo. Sikumwambia lolote. Nilimtazama tu. Ilipofika dakika ya tatu alitazama juu, kwenye dari, kisha akanigeukia macho yamemtoka.

"Kaka! Siku ile nilitoka hapo nikakuta nje kumelowa, nikashangaa mvua imenyesha saa ngapi!"

Tulicheka kama watoto. Sikio la kushoto lilikuwa linapata kidogo, lakini nilimwongezea upande huo taratibu, akainua kidole: hapo hapo. Nilijipiga kifua moyoni. Nikamsimamishia maiki, nikauweka wimbo usio na mwimbaji, nikamwambia sasa imba, jisikie.

Aliimba mstari wa kwanza akitabasamu. Wa pili tabasamu likapungua. Aliposhika sauti ya juu mkono wake ukaenda sikioni, ukasukuma. Tena. Na tena.

"Usiguse," nilimwambia.

"Zinatoka."

"Hazitoki, ziko palepale. Usiguse, unaharibu kipimo."

Akaimba hadi katikati, akaacha. Akazichomoa, akanikabidhi zote mbili.

"Kaka, nasikia vidole vya gitaa. Nasikia kiti. Nikifungua mdomo mimi mwenyewe nayeyuka. Sauti yangu inabaki nyembamba, ya puani, mara haipo. Siko humo."

Hasira zilinipanda. Siku tatu bila feni, kipimo, mpira wa maji, daftari lenye safu, na mtu ananiambia hayumo kwenye kitu kilichosikia mvua! Nilimwambia labda hajazoea. Nilimwambia labda sikio lake ndilo tatizo. Lilinitoka hilo, na nilipoliona limeshatoka nilitamani sakafu ipasuke. Yeye alikaa kwenye mkono wa kochi akaanza kuvaa saa yake, polepole, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali kwa mara ya mwisho.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Kesho nitawaambia. Umejitahidi, kaka. Kweli umejitahidi."

Sikutaka aone uso wangu, kwa hiyo nikazichomeka zile spika masikioni mwangu. Zilikaa vizuri kama kawaida. Wimbo ulikuwa bado unapiga. Na sijui kwa nini, pengine kwa uchungu, pengine kwa ubishi, nikaisogelea maiki nikaimba. Mimi, ambaye tangu shule ya msingi nilikatazwa na mwalimu kwa manufaa ya wenzangu. Nilifungua mdomo wote kwenye ile sauti ya juu.

Besi ikakimbia. Yote. Kana kwamba mtu amefungua dirisha, sauti nene zikatoka nje na zikabaki zile nyembamba zikilia peke yao. Nikafunga mdomo, besi ikarudi. Nikafungua, ikaenda.

Mke wangu alitokea mlangoni. "Nani anaumwa?"

Nilikuwa nimeingiza kidole kidogo sikioni, mdomo nafungua, nafunga. Jaribu na wewe, utausikia ukuta wa sikio ukisogea, kwa maana taya limepakana nalo. Mwimbaji akifungua mdomo tundu linabadilika umbo, spika nzito inalegea, hewa inapita, na sauti yake mwenyewe inavujia nje. Na mimi, mtaalamu mkubwa, mwenye kipimo na mpira wa maji, nilikuwa nimeketi siku tatu nikilinganisha spika za mwimbaji mdomo wangu ukiwa umefungwa.

"Kaa," nilimwambia mdogo wangu. "Vua saa."

Nikachana ukurasa wa daftari. Tulianza upya, na safari hii mtu wa kupima alikuwa yeye, amesimama, mdomo wazi, akitoa "aaa" hadi majirani wakachungulia. Ya kwanza ilivuja kwenye kila sauti ya juu. Ya pili ilivuja zaidi, maana ilikuwa nzito. Tukabadilisha vile vipira vya mbele vinavyoingia sikioni, vidogo, vikubwa, vya kati. Haikusaidia sana. Ndipo nikachukua ile ya plastiki niliyoipa arobaini na moja. Ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, na shingo yake ndefu iliingia ndani kuliko zote. Nikaitia sponji laini mbele, zile unazozibinya kwanza kisha zinajaa zenyewe ndani ya sikio. Kulia ilitaka ndogo, kushoto ikataka kubwa. Sikuwahi kujua masikio ya mtu mmoja yanatofautiana hivyo, na huyu nimekua naye.

Akaimba ule mstari wa juu. Mkono haukwenda sikioni. Akaimba tena akiwa amefungua mdomo mpaka nikaona meno ya nyuma.

"Niko humu," alisema. "Kaka, niko humu."

Nilimpigia Punguzo.

"Ya pikipiki vipi?" aliuliza kwa matumaini.

"Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani. Inastahili kila senti, kwa mtu aliyefunga mdomo. Nachukua ya plastiki."

"Hiyo hata faida sina," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia amehuzunika kweli.

Alhamisi saa nne asubuhi tulikuwa ukumbini hotelini. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza na mtu wa usafi alikuwa anapiga deki nyuma. Nilizima spika za jukwaani zote. Sijui kama naweza kueleza ule ukimya: kwa miaka yote hiyo jukwaa letu halikuwahi kunyamaza. Mdogo wangu akabinya sponji, akachomeka kulia, akachomeka kushoto, akasubiri zijae. Nikampa sauti yake kwa kiwango alichoelekeza daktari, kidogo mno hata nikaogopa. Kiongozi akaanza gitaa.

Akaimba kama kawaida yake, kwa nguvu, kifua mbele. Alipofika ile sauti ya juu akaacha ghafla.

"Turudie," alisema.

Wakarudia. Akaacha palepale. Ukumbi mzima ulimsikia akivuta pumzi. Kisha akanitazama mimi, si kiongozi, mimi, nyuma kabisa kwenye mikseri.

"Kaka. Siifikii. Jana nilisikiliza kama nimo tu; leo nasikia naishia chini yake."

Nilikuwa najua. Hili sijalisema mpaka sasa kwa sababu nilikuwa nalionea aibu. Ile sauti ya juu ilikuwa imeanza kumshinda, anaigusa chini kidogo tu ya inapopaswa kuwa, na kila usiku wa kazi ikikaribia kidole changu kilikuwa kinamwongezea mwangwi, sauti inatandazwa, hakuna anayegundua. Nilidhani namlinda.

"Tangu lini?" aliuliza kwenye maiki, mbele ya wote.

"Mwaka juzi. Nimekuwa nikikuongezea mwangwi uifunike."

Mpiga ngoma aliangalia fimbo zake. Kiongozi alikuwa na karatasi za mkataba juu ya spika, zimelaliwa na kikombe chake, na hakuthubutu hata kuzitazama. Mdogo wangu alisimama ameinamisha kichwa, mikono juu ya maiki, na mimi nikawaza: nimemnunulia kitu cha kumwambia aache.

Akainua kichwa. "Shusha gitaa," alimwambia kiongozi. "Tuanzie chini, wimbo mzima ushuke. Na wewe kaka, toa huo mwangwi wako. Wote."

Nikauzungusha hadi sifuri. Gitaa likaanza upya, chini zaidi, zito, na mdogo wangu akaimba bila kusukuma. Hakuwa na haja ya kupigana na chochote, kwa hiyo hakupigana. Aliimba polepole, karibu kunong'ona, sauti yake ikiwa tupu, na mkwaruzo mdogo ndani yake ambao sikuwahi kuujua kwa sababu kwa miaka ishirini na mbili niliufunika. Kila neno lilitua lilipotakiwa kutua. Nilinyanyua vidole vyangu vyote kutoka kwenye mikseri kwa maana hapakuwa na kitu cha kurekebisha. Mtu wa usafi aliacha deki. Wapishi wawili walitoka jikoni wakasimama mlangoni, na mmoja akavua kofia yake bila kujua kwamba ameivua. Ile sauti ya juu ikaja, sasa ikiwa pale anapoifikia, akaigusa katikati kabisa, akaishikilia, akaiacha iende yenyewe. Dada niliyekula naye sahani moja utotoni, na sikujua kwamba anabeba sauti ile.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Alichomoa spika moja, ya kushoto, akamgeukia kiongozi.

"Nipe kalamu," alisema.

Nililia pale nyuma kwenye mikseri, mbele ya wapishi na kila mtu, na wala sikuinamisha uso.